Msururu Wako wa Kwanza wa Kriteriamu ya Wanawake: Kuanzia Kujiandikisha Hadi Kengele ya Mwisho

Msimu ukikaribia, maswali huja yaleyale. "Napanda baiskeli na kundi kila wiki, je, naweza kushindana?" "Nikipata pancha ndiyo basi?" "Nimeshapita umri wa kuanza?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Hapa nayajibu kwa pamoja, kwa ajili ya mwanamke ambaye hajawahi kusimama kwenye mstari wa kuanzia na anataka kumaliza msururu mzima, si mbio moja tu.

Hilo la umri nilimalize mapema. Mmarekani Kristin Faulkner alizaliwa 1992, akaanza baiskeli ya barabarani 2017 kwenye mafunzo ya wanawake wanaoanza katika bustani ya Central Park, New York. Mwaka 2024 alishinda dhahabu ya mbio za barabarani kwenye Olimpiki ya Paris. Hujachelewa.

Kriteriamu ni mbio za baiskeli zinazozunguka njia fupi iliyofungwa kwa magari. Kanuni za Marekani zinataka njia iwe na urefu wa kati ya mita 800 na kilomita 5, lakini nyingi ni kilomita moja au mbili. Mara nyingi hupangwa kwa muda: wanaoanza hupewa kama dakika 30 au 40, wazoefu saa moja au zaidi. Muda ukikaribia kuisha, waamuzi huonyesha idadi ya raundi zilizobaki, na raundi ya mwisho kengele hulia. Msururu ni mbio kadhaa za namna hiyo ambazo pointi zake hujumlishwa. Upo unaofanyika siku zinazofuatana, kama Tulsa Tough ya Oklahoma inayochukua siku tatu za mwisho wa wiki, na upo wa mara moja kwa wiki.

Jambo moja utaliona likirudi humu: wanaoanza wengi hawaachwi na kundi kwa sababu ya mapafu. Huachwa kwenye kona.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Baiskeli ya barabarani yenye usukani wa kupinda, gia, na breki mbili zinazoshika. Si lazima iwe ya bei kubwa. Ng'oa taa, kengele, mikoba na zile fimbo za kuegemea mikono wanazotumia watu wa traiathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia), haziruhusiwi kundini. Ncha za usukani ziwe na vizibo, kwani bomba lililo wazi hukata nyama mtu akianguka.
- Helmeti isiyo na ufa na ambayo haijawahi kupigwa chini kwenye ajali.
- Matairi mazima, ya upana wa milimita 25 hadi 28. Tairi lenye mikato ya chupa si la mbio.
- Viatu na pedali za kunasa, yaani kiatu hujifunga kwenye pedali, na uwe umezizoea kiasi cha kunasa mguu bila kutazama chini.
- Bukta ya baiskeli, ambayo huvaliwa bila chupi, na sidiria ya michezo uliyokwisha kuitokea jasho mazoezini. Siku ya mbio usivae nguo mpya.
- Leseni ya shirikisho la baiskeli la nchi yako, au leseni ya siku moja pale inapotolewa.
- Magurudumu ya akiba ukiweza kuyapata, angalau la nyuma, lenye idadi ya gia inayolingana na ya baiskeli yako. Liandike jina.
- Uzoefu wa kupanda kundini, bega kwa bega na wenzako, kwa miezi miwili au mitatu. Hiki hakiazimwi. Kama bado huna, anzia hapo, mbio zitakusubiri.

Hatua kwa hatua

1. Soma tangazo la msururu mpaka mstari wa mwisho. Tafuta daraja lako kwanza, yaani kundi la kiwango chako. Nchini Marekani mgeni wa mbio huanzia daraja la wanaoanza na kupanda mpaka la 1. Uingereza huanzia la 4. Kisha angalia kama madaraja yameunganishwa. Kwa wanawake hili hutokea mara nyingi kwa sababu washiriki ni wachache: mnaondoka pamoja na wazoefu, lakini matokeo yenu yanahesabiwa mbali. Uliza namba za daraja lako zinaanzia ngapi au zina rangi gani, na uzikariri. Nimeona dada aliyeanza mwaka huohuo akimfukuza bingwa aliyechomoka mbele ya kundi, akachoka kabisa, huku mpinzani wake wa kweli akiwa amejikinga upepo nyuma yake raundi nzima.

Soma pia jinsi pointi zinavyotolewa: ni mbio ngapi bora zinazohesabiwa, na kama anayetolewa njiani anapata chochote. Ukiona mbio za wanawake zimepewa muda mfupi au zawadi ndogo kuliko za wanaume wa daraja hilohilo, mwandikie mwandaaji kwa heshima na umuulize kwa nini. Waandaaji hubadilika wanapoulizwa na watu waliolipa kiingilio.

2. Wiki sita hadi nane kabla, uzoeshe mwili kufyatuka, yaani kuongeza mwendo ghafla kwa nguvu zote. Njia yenye kona nne ikizungukwa raundi 20 inakupa kona 80, na baada ya kila moja unatakiwa kuongeza mwendo upya. Kwa hiyo safari ndefu za mwendo mmoja peke yake hazitoshi. Mara moja kwa wiki fanya hivi: sekunde 40 kwa nguvu, sekunde 20 polepole, mara nane. Pumzika dakika sita, rudia seti nyingine mbili. Siku nyingine fyatuka mara kumi kutoka mwendo wa chini, sekunde 10 tu kila mara, ukipumzika vya kutosha katikati. Panda na kundi mara moja. Siku zilizobaki panda polepole kweli, mwendo wa kuweza kuzungumza. Wiki ya mbio ya kwanza punguza mazoezi karibu nusu.

3. Jifunze kona mpaka zikuchoshe. Hapa ndipo nataka utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Tafuta uwanja mtupu wa lami. Panga chupa nne kama pembe za mraba mkubwa. Shika sehemu ya chini ya usukani, vidole viwili vikiwa kwenye breki. Mikono ikiwa chini uzito unashuka na gurudumu la mbele linashika vizuri zaidi. Kabla ya kona, wakati baiskeli bado imesimama wima, punguza mwendo. Kisha achia breki. Pedali ya nje iwe chini kabisa, uikanyage kwa uzito wako kama unayesimama juu yake. Ya ndani iwe juu. Macho yatazame mahali unapotaka kutokea, si chupa wala gurudumu lako. Baiskeli ilale, wewe ubaki umetulia. Ikianza kusimama tena, anza kukanyaga.

Ukiwa peke yako, njia ya haraka ni kuingia ukitokea nje, kugusa ndani katikati ya kona, na kutoka tena nje. Lakini kundini huna barabara yote. Una njia yako tu, upana wa mabega yako na kidogo zaidi. Aliyeingia kona akiwa ndani abaki ndani mpaka atoke. Aliyeingia katikati abaki katikati. Kwa hiyo ukishaweza peke yako, mwite mwenzako mzunguke chupa zile wawili sambamba, kisha watatu, mkibadilishana nafasi. Halafu nendeni kwenye nyasi, mwendo wa kutembea, mgusane viwiko na mabega kwa makusudi. Mwili ukishajua kwamba kuguswa si kuanguka, hofu hupungua sana.

*Makosa yanayoangusha watu:* kushika breki ghafla katikati ya kona. Kukanyaga pedali mapema baiskeli ikiwa bado imelala, ikagonga lami na kurusha gurudumu la nyuma. Na kuchomekea ndani ya kona dakika ya mwisho, mahali ambapo mwenzako tayari anakuja. Hilo la tatu ndilo baya zaidi kwa sababu anayeumia mara nyingi si aliyelifanya.

Mvua ikinyesha, toa upepo kidogo kwenye matairi, punguza mwendo mapema zaidi, na epuka michoro ya rangi na mifuniko ya chuma. Huteleza kama sabuni.

4. Jioni ya kabla. Safisha cheni na uitie mafuta. Kagua matairi kwa kidole ukitafuta vipande vya chupa. Kaza skurubu za usukani na kiti. Ukishapewa namba, ibane kwa pini nyingi pande zote ili isipepee, upande ule walioelekeza waamuzi. Kula chakula ulichokizoea, chenye wanga wa kutosha, ulale.

5. Fika saa mbili kabla. Chakula cha mwisho cha maana kiwe saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza. Chukua namba, kisha nenda msalani mapema kuliko unavyodhani, kwani foleni huwa ndefu na bukta ya mikanda ya begani haivuliwi kwa haraka.

Mbio za wanawake mara nyingi hubanwa kati ya mbio nyingine mbili, na njia hufunguliwa kwa dakika chache tu za kuikagua. Usizikose. Zikikosekana, izunguke kwa miguu ukiwa nje ya uzio. Angalia mambo haya: upepo unavuma kutoka wapi kwenye kila upande, mashimo na mitaro iko kona ipi, wenzako wa mbio iliyotangulia wanayumba wapi, na kutoka kona ya mwisho hadi mstari ni mita ngapi. Namba hiyo utaihitaji.

Pasha mwili moto dakika 20 hadi 30, umalize kwa kufyatuka mara tatu au nne. Kriteriamu haina dakika za kuzoea, inaanza kwa kasi. Kwa mbio za dakika 40, chupa moja ya maji inatosha. Zikizidi saa, weka na sukari ndani.

6. Simama mbele. Nenda mstarini dakika kumi kabla. Mbio zangu za kwanza nilijipanga nyuma kabisa, kwa adabu, niwapishe wazoefu. Raundi ya nne nilikuwa peke yangu barabarani.

Sababu ni hii. Wa kwanza anaingia kona bila mtu mbele yake, hapunguzi sana. Wa pili anapunguza zaidi kidogo, wa tatu zaidi, mpaka wa mwisho karibu anasimama, na wa mbele wakiwa wameshaanza kuondoka. Kwa hiyo wa mwisho anafyatuka kwa nguvu zote kila kona ili tu asiachwe, huku wa tano akikanyaga kwa utulivu. Njia ni moja na mwendo wa wastani ni mmoja, lakini kazi ni mbili tofauti.

Filimbi ikilia, nasa mguu, kanyaga, usitazame chini. Raundi tano za kwanza ndizo huwa kali. Ukizivuka ukiwa ndani ya theluthi ya mbele ya kundi, mbio hutulia.

7. Ishi ndani ya kundi. Kaa nyuma ya mwenzako, umbali wa nusu gurudumu hadi gurudumu moja, upande usio na upepo. Usikodolee tairi lake. Tazama nyonga zake na wanaomtangulia, utaona breki kabla hazijakufikia. Usiingize gurudumu lako la mbele ubavuni mwa la nyuma la mwenzako. Magurudumu yakigusana, anayeanguka ni wewe wa nyuma.

Nafasi haikai yenyewe. Usiposogea mbele unarudishwa nyuma, kwa sababu kila raundi kuna wanaokupita. Sogea kwenye sehemu iliyonyooka, upande uliokingwa upepo, au wakati kundi linapolegea baada ya mashambulizi. Kunywa maji hapohapo kwenye mnyooko. Ukihama, hama taratibu na useme: "Kulia!" "Ndani!" Neno moja tu.

Kengele ikilia katikati ya mbio si lazima iwe raundi ya mwisho. Huenda ni primu, yaani zawadi ya atakayevuka wa kwanza raundi inayofuata. Waulize waamuzi mapema wataitangazaje. Ushauri wangu kwa mbio tatu za kwanza: ziache primu zote. Lakini kaa macho mara baada yake, kwa sababu waliofyatuka huwa wamechoka na ndipo mtu mjanja huchomoka.

*Kosa la kawaida la wanawake wenye nguvu:* kuvuta kundi mbele raundi nyingi kwa sababu mwendo umelegea na wewe unahisi vizuri. Unahisi vizuri ndiyo, na walioko nyuma yako wanahisi vizuri zaidi. Ukijikuta mbele, vuta kidogo, sogea pembeni taratibu, ruhusu mwingine.

8. Raundi tano za mwisho. Sasa uwe ndani ya kumi wa mbele, na ikibaki raundi mbili uwe ndani ya sita. Kumbuka ile namba ya mita. Ikiwa kutoka kona ya mwisho hadi mstari ni mita 200 au chini, mshindi kwa kawaida ni yule atakayetoka kona akiwa wa kwanza, wa pili au wa tatu, kwa hiyo mashindano halisi ni kabla ya kona. Ikiwa ni mita 400 au zaidi, subiri nyuma ya mtu, hasa upepo ukiwa wa usoni.

Ukifyatuka, mikono chini kwenye usukani, nenda mstari mnyoofu. Kuyumba kumzuia mwenzako ni kosa la kufutiwa matokeo. Ukivuka mstari endelea kukanyaga taratibu, usishike breki wala usigeuke nyuma. Wapo wanaokuja.

9. Beba msururu, si siku moja. Tazama ubao wa matokeo mara moja, kwani muda wa kulalamika ni mfupi, mara nyingi dakika 15. Kula wanga na protini mapema, vua bukta yenye jasho, ioshe.

Chukua jedwali la mfano: mshindi pointi 20, wa sita pointi 10. Anayeshinda mara moja na kushindwa kumaliza mara tatu ana 20. Anayemaliza wa sita mara nne ana 40. Kwa hiyo siku ambayo miguu haipo, kazi yako ni kumaliza salama. Na siku ambayo kona ya mwisho inanuka ajali, achia nafasi mbili. Mfupa wa mtulinga ukivunjika, msururu umekwisha.

Mambo yakiharibika

*Nimeachwa na kundi.* Endelea kuzunguka kwa nguvu unazoziweza. Ukiona mwingine aliyeachwa, fanyeni kazi pamoja mkipokezana upepo, yaani kukaa mbele kwa zamu. Kundi likikaribia kukupita kwa raundi nzima, mwamuzi atakuashiria utoke. Tii, toka kwa usalama, na uhakikishe ameiona namba yako, kwani misururu mingine humpa aliyetolewa nafasi kulingana na raundi alizomaliza. Ukiruhusiwa kubaki, kaa upande mmoja na usijiingize kwenye mbio za kumalizia.

*Nimepata pancha.* Kanuni nyingi hutoa raundi ya bure kwa pancha, ajali au kifaa kuvunjika. Nenda eneo la mafundi, mwonyeshe mwamuzi tatizo, badilisha gurudumu, naye atakurudisha kundini linapopita tena. Usikate njia kurudi nyuma dhidi ya mbio. Cheni kuchomoka au skurubu kulegea kwa kawaida havihesabiwi, vinachukuliwa kuwa uzembe wa maandalizi. Na zikibaki raundi za mwisho, hiyo ya bure haitolewi kabisa. Uliza inakoma lini.

*Wameanguka mbele yangu.* Tazama nafasi iliyo wazi, si walioanguka, maana baiskeli hufuata macho. Ukianguka wewe na kichwa kikagonga chini, mbio zimekwisha hata kama unajisikia mzima. Nenda kwa daktari, na helmeti hiyo usiivae tena.

*Hedhi imeangukia siku ya mbio.* Pedi juu ya sponji ya bukta huchubua. Kikombe cha hedhi au tamponi hukaa vizuri zaidi, lakini vijaribu kwanza mazoezini, na ubadilishe kabla ya kupasha mwili moto. Dawa ya maumivu iwe ile unayojua inavyokufanya. Ukiwa unatoka damu nyingi na nguvu zinazidi kupungua msimu mzima, pima damu kabla ya kulaumu mazoezi.

*Nachubuka kwenye kiti.* Paka krimu ya bukta kabla, osha mara tu ukishuka. Ikijirudia, tatizo mara nyingi ni kiti chenyewe: kipana mno, chembamba mno, au ncha imeinuka. Shusha ncha kidogo kwanza, kisha ujaribu cha upana mwingine.

*Tumejitokeza sita tu.* Hakuna pa kujificha na kila anayechomoka ni hatari, hivyo usimwache mtu azidi mita 20 ukidhani wengine watamfuata. Pokezaneni upepo mapema, na ukiwa dhaifu kwenye mbio za kumalizia, shambulia raundi mbili kabla ya mwisho, mara baada ya kona, wakati wa nyuma yako bado anashika breki.